Tulia, Usiseme

Asubuhi mpiga picha alipangusa lenzi, akanyoosha pazia la bluu, kisha akafungua studio. Wateja walimpenda. Akisema, "Tulia! Usiseme!" hata mtoto mtundu aliganda. Picha zake zilitoka safi.

Siku za karibuni wateja walimuuliza, "Na video je, fundi?"

"Kamera ni kamera," alijibu. "Unabonyeza tu."

Alikuwa mjuaji, na mjuaji hafundishiki. Binti yake alipoolewa, mkewe alimshauri watafute mtu wa video.

"Mgeni afanye kazi nyumbani kwangu, na mimi nipo?" akakataa.

Siku ya harusi alisimama na kamera mlangoni penye mwanga mzuri, akirekodi video. Nyuma yake jenereta ilinguruma. Mama mzazi wa mpiga picha alimshika bibi harusi mikono ili amuusie.

"Mjukuu wangu..."

"Tulia hapo hapo, mama! Usiseme!"

Mama akacheka, akanyamaza. Alipoanza tena, mwanawe akamtuliza tena.

"Basi nitakwambia siku nyingine, mjukuu wangu," bibi akasema, akaenda kuketi.

Siku hiyo haikufika. Bibi aliugua ghafla, akafariki.

Baada ya mazishi binti alikuja. "Baba, nataka kusikia sauti ya bibi."

Wakaitazama video pamoja. Bibi alisimama wima kama nguzo, midomo imefungwa. Kilichosikika ni jenereta, na juu yake sauti ya baba: "Tulia! Usiseme!" Binti akalia. Baba alitamani ardhi ipasuke immeze.

Jirani yao mmoja alikuwa mama anayerekodi video za sherehe. Mpiga picha akabisha hodi kwake.

"Dada, nimeharibu. Nifundishe."

"Ungekuja mapema, kaka. Lakini karibu, kuuliza si ujinga. Sikiliza. Picha inamtaka mtu atulie. Video inamtaka aongee, acheke, atembee. Wa kutulia ni wewe."

"Na sauti?"

"Hiyo ndiyo ya kwanza. Mbane msemaji maiki ndogo kifuani. Wewe vaa vipokea sauti masikioni, usikie kinachoingia. Jenereta iwekwe mbali. Kamera isimame kwenye stendi ya miguu mitatu. Anza kurekodi kabla hajasema, na usizime mpaka amalize. Na ujaribu nyumbani kwanza, usijaribu kwenye harusi ya watu."

Akajaribu nyumbani, akimrekodi mkewe akiosha vyombo na kusimulia habari za sokoni.

"Unaumwa?" mkewe akamtania. "Mbona leo hunikatizi?"

Alirudia mpaka sauti ikatoka wazi. Ndipo akaanza kupokea kazi za video.

Katika sherehe moja, babu mmoja aliwausia wajukuu zake. Alikohoa, akasahau, akacheka, akaendelea. Mpiga picha hakumkatiza. Familia ilipoiona video ile, walishangilia. "Hebu rudisha hapo anapocheka!" Wakarudia tena na tena. Mpiga picha alifurahi kwa ajili yao, lakini moyo ulimuuma.

"Fundi," mwenye sherehe akamuuliza, "mbona kazini huongei kabisa?"

"Niliongea sana," akajibu, "kwenye harusi ya mwanangu."