Kiatu cha Handakini

Luned alianza kunuka moshi siku ya Jumatatu, na jiko la nyumba ile ni la umeme.

Tegwen, mama yake, alimwogesha mara mbili. Wapi! Nywele zilizidi kunuka mbao zilizoungua, na mbwa aliyezoea kulala miguuni pa mtoto akahamia pembeni, akawa ananguruma kila akimwona.

Chanzo ni Iolo, baba mtu, nami sitamfichia. Kwenye malisho yao kando ya mto kuna tuta la udongo refu kuliko nyumba, limezungukwa na handaki lenye maji na tope. Zamani sana juu yake palikuwa na ngome ya miti. Ikachomwa moto, waliokuwemo wakaungua nayo. Bonde zima tunajua pale hapachimbwi. Lakini Machi ile kondoo walikuwa wanazaa, lango la zizi limekuwa tope tupu, na bwana mkubwa akaona uvivu kwenda kununua kokoto. Jumamosi akapeleka trekta handakini, akazoa udongo. Ndani ya udongo ule mlikuwa na kiatu kidogo cha ngozi, kizima kabisa. Akamvisha bintiye wa miaka minne, akacheka. Kilimkaa sawasawa, na mtoto akakataa kukivua, hata kitandani.

Jumatano mchana Luned alisukuma sahani.

"Nimeshiba."

"Umeshiba nini wewe? Tangu juzi hujatia kitu mdomoni."

"Mama amenipa."

"Mama yupi? Mama si mimi?"

Mtoto akamtazama kwa adabu, anavyotazamwa mgeni. Hakukonda hata kidogo. Mashavu yalikuwa yamenona. Tegwen akamnyanyua, akakimbia naye bandani kwa mama mkwe wake, Bibi Morfudd.

Bibi alikuwa anachuna mwanakondoo aliyekufa. Ndiyo kazi yetu ya majira yale: ngozi ya aliyekufa anavishwa yatima, kondoo aliyefiwa anamnusa, anadhani ni wake, anamnyonyesha.

"Kiatu hicho kimetoka wapi?" Bibi aliuliza, sauti chini.

"Iolo. Kwenye tuta."

Kisu kikamponyoka. "Lo, mwanangu mjinga! Kamvisha mtoto ngozi ya marehemu. Na mwenye kufiwa yumo humo humo handakini."

"Basi tukivue, mama! Tukamrudishie!"

"Kakivaa siku ngapi?"

"Tano, ukihesabu na leo."

Bibi akaketi juu ya majani makavu, mikono ina damu, hamtazami mjukuu wake. "Mimi ngozi huivua siku ya tatu, Tegwen," alinong'ona. "Maziwa yakishampita mtoto tumboni, kondoo hahitaji ngozi tena. Anamjua."

Tegwen hakutaka kusikia. Alikichomoa kiatu kwa nguvu, akatoka mbio na mtoto kiunoni, akapita langoni ambapo Iolo alisimama na koleo bila kuthubutu kuuliza, akakatiza malisho huku kondoo wakimkimbia kana kwamba amembeba mbweha, na harufu ya moshi ikizidi kila hatua, jua likiwaka, mto ukienda taratibu, mpaka ukingoni mwa handaki, ambako alikitupa majini na kupiga kelele hadi sauti ikamkauka: "Chukua chako! Niachie wangu! Nakuomba, mama mwenzangu, niachie wangu!"

Kiatu kikazama. Harufu ikakatika papo hapo. Tegwen akapiga magoti, akamkumbatia mwanawe, akalia kwa shukrani, akimbusu paji la uso, akimwita kwa jina lake, Luned, Luned wangu.

Mtoto hakuitika.

Kisha kutoka chini ya tuta sauti ya mwanamke ikaita kwa upole, kama ya mtu anayemwita mwanawe mezani: "Amabel!"

"Abee, mama," akasema mtoto, na kuanza kuibandua mikono ya Tegwen shingoni mwake, kidole kimoja kimoja.