"Kimechemshwa Tu, Kula!"

Wifi yangu alinitazama nikihangaika kutafuta pumzi... akageuka, akakimbia!

Jamani, akakimbia! Akaniacha nimepiga magoti kwenye nyasi, glasi ya mvinyo inaning'inia shingoni, koo linaziba, katikati ya watu ambao hata lugha yao siijui.

Ngoja niwape mkasa wenyewe.

Nilikwenda ughaibuni kumtembelea dada wa mume wangu. Siwafichi, tangu harusi mimi na yeye ni salamu za mdomoni tu. Jumamosi akanipeleka kwenye tamasha la vyakula na mvinyo. Mahema mpaka basi! Unapewa glasi ya kuvaa shingoni, unazunguka unaonja.

Sasa mimi karanga ni sumu yangu. Wifi sikumwambia, niliona atanicheka. Nikajua tu kaka yake keshamwambia.

Tukafika kwa mama mmoja anagawa maboga yenye mchuzi mzito. Bendi inapiga, hata kusikilizana shida.

"Wifi! Cha karanga hiki?"

"Aa, wapi! Kimechemshwa tu. Kula!"

Nikala.

Vijiko viwili... midomo ikaanza kuwasha. Ulimi ukavimba. Sindano yangu ya dharura? Iko kwenye mkoba mkubwa, nyumbani kwa wifi!

"Wifi... nakufa..."

Ndipo akakimbia.

Kaniua makusudi huyu! Nikashika simu nimrekodie mume wangu:

"Dada yako... ameniua... kanilisha karanga... mlee mtoto wetu..."

Nikazimia.

Nilizinduka kwenye hema la huduma ya kwanza. Nesi kanidunga sindano pajani. Wifi kakaa chini, miguu mitupu, nyayo zinatoka damu.

"Nilikimbia kumleta nesi. Viatu vilikuwa vinanichelewesha, nikavitupa," akasema. "Ningebaki kukupepea, ungekufa."

"Si ulisema hakina karanga?"

"Karanga? Si uliuliza kama ni cha kukaranga? Mimi nimelelewa na bibi, na kwa bibi kukaanga ndiyo kukaranga! Nilidhani unakwepa mafuta. Mbona hukuniambia, wifi yangu?"

Nililia kwa aibu. Nikaivamia simu nifute ile sauti kabla mume wangu hajaisikia.

Mungu wangu... haikwenda kwa mume wangu. Ilikwenda kwenye kundi la ukoo! Watu thelathini na mmoja wameshaisikiliza. Mama mkwe akamwandikia binti yake mstari mmoja tu:

"Usinipigie tena. Mimi sikuzaa muuaji."

"Nimeshausoma," wifi akasema, huku anafuta damu. "Wewe pumzika kwanza."

Nimeomba radhi mlango kwa mlango. Wengi wamenisamehe. Lakini mpaka leo, binti yake akija likizo akampelekea chakula, mama mkwe anapokea, anashukuru... halafu hakigusi.

Ndugu zangu, ugonjwa wako useme kwa kinywa chako mwenyewe. Na mtu akikimbia, subiri kwanza uone anarudi na nani.