Bushra Aliposema Kata

Jumamosi haikuwa siku ya kukaa kitako nyumbani kwa kina Bushra. Asubuhi alifua sare yake na za wadogo zake, akadeki, akachota maji, kisha akampelekea baba yake chai na mihogo ya kuchemsha. Baba yake, Mzee Saidi, alikuwa fundi wa matairi kando ya barabara ya mpakani, pale Tunduma ambapo malori ya kwenda Zambia hupanga foleni mpaka mtu akachoka kuyatazama. Akishatoka hapo, Bushra alikuwa huru, na miguu ilijua yenyewe pa kwenda. Ilikwenda kwenye kibanda cha video cha kaka Yonasi.

Kibanda kile kilikuwa cha mabati, chenye mabenchi ya mbao na skrini kubwa ukutani. Waliokijaza walikuwa makuli, matingo, yaani wasaidizi wa madereva wa malori, wauza vitenge, na watoto waliomaliza kazi za nyumbani. Sasa, usije ukadhani watu wale walikuja kutazama tu. Walikuja kuhukumu. Muvi ikiisha, kesi inaanza. Walisema watengeneza filamu wa siku hizi ni wavivu: mwigizaji analala na kuamka, rangi ya midomo iko vilevile; fukara wa kwenye hadithi anaishi kwenye jumba la ghorofa; jambazi anaanguka kabla ngumi haijamfikia. Za kutoka nje nazo hazikupona. Gari linalipuka, steringi, yaani yule shujaa wa muvi, anatoka ndani akipangusa vumbi begani, wala hakohoi. Walizitukana zote, na wiki iliyofuata walirudi kuzitazama. Tena steringi akichelewa kulipiza kisasi, hao hao waligonga mabati wakidai damu. Kuna siku makuli wawili walipigana mpaka mmoja akang'olewa jino, kisa mwenzake kasema ngumi za kwenye muvi ni za uongo.

Bushra alikuwa na miaka kumi na mitatu, na alikuwa ameshaamua kwamba atatengeneza filamu ambazo watu hao hawatazitukana. Baba yake alikuwa amempa simu ya zamani yenye kamera. Alikuwa na kikundi cha watoto wa mtaani kwao, na steringi wake alikuwa Gwamaka, jirani yake na mwenzake wa darasa la saba, mtoto mcheshi asiyejua kukataa. Kaka Yonasi, ambaye zamani aliwahi kubeba taa za watengeneza filamu huko Mbeya, ndiye aliyemfundisha maneno ya kazi. Kamera ikianza, unasema "twende". Ukitaka waigizaji waache na kamera izimwe, unasema "kata".

Jumamosi hiyo kaka Yonasi alimpa Bushra heshima kubwa. Kabla ya muvi ya mchana, aliwaonyesha watu filamu fupi ya kikundi chake. Mambo yalikwenda vizuri mpaka adui alipotokea na panga la boksi lililopakwa rangi ya fedha. Panga lilipogusa shingo ya Gwamaka, likajikunja. Kibanda kizima kikaangua kicheko. Tingo mmoja akauliza kama panga hilo limeshinda na njaa. Wengine wakarusha mabunzi ya mahindi kwenye skrini, na bunzi moja likampiga Bushra usoni. Akatoka nje kabla filamu haijaisha, akalia nyuma ya kibanda. Kuchekwa kunauma, tusidanganyane, na kunauma zaidi ukichekwa kwa kitu ulichokipenda.

Lakini machozi ya Bushra yalikauka yakawa hasira, na hasira ikamshauri vibaya. Jumapili mchana alimuaga mama yake kwamba anakwenda kujisomea kwa rafiki. Uongo mtupu. Alikuwa amelitoa panga la baba yake chini ya kitanda, lile la kufyekea majani, akalifunga ndani ya khanga.

Kikundi kilikutana uwanjani, mahali palipolundikwa magogo ya mikaratusi. Mtoto aliyezoea kuigiza adui hakuja, kwa sababu mama yake alimtuma mashine kusaga mahindi. Bushra akamchukua Deus, mvulana mgeni aliyehamia kwa shangazi yake muhula huo akitoka kijijini Msangano. Deus alikuwa mpole na mtiifu. Kwao alikuwa akifyeka shamba na baba yake tangu mdogo, kwa hiyo alilishika panga vizuri, bila woga, na Bushra alifurahi kuona hivyo.

Gwamaka hakufurahi. Alipitisha kidole kwenye makali, akamtazama Bushra.

"Bushra, hili linakata."

"Steringi hafi," Bushra akajibu, na watoto wote wakacheka, na Gwamaka naye akacheka kwa sababu wenzake walicheka.

Wakamfunga Gwamaka mikono kwa kamba ya katani, wakailaza juu ya gogo. Deus aliambiwa asimame juu yake, ainue panga, atishe kwa maneno makali. Deus akataka kujua ataacha saa ngapi. Hilo lilikuwa swali la maana kuliko yote yaliyoulizwa siku ile. Bushra alikuwa na haraka, wingu lilikuwa linakuja na mwanga ulikuwa unapungua.

"Utasikia nitakavyokuambia," akasema, akainua simu.

Akasema twende. Gwamaka akaomba asamehewe, na aliomba vizuri. Deus akainua panga, akanguruma maneno yake. Uso wake ulitisha kweli, chuma kikamulika, na Bushra akaona kwenye simu kitu alichokuwa anakitaka. Picha ilikuwa imetosha.

"Kata!" akasema.

Deus alisikia. Alikuwa ameambiwa asubiri neno, na neno lilikuwa limekuja. Mbele yake kulikuwa na kamba, mkononi alikuwa na panga, na mwenye kazi amesema kata. Akakata.

Kamba ilikatika mara moja, lakini panga halikuishia kwenye kamba. Liliingia kwenye kifundo cha mkono wa kulia wa Gwamaka. Damu iliruka mpaka kwenye miguu ya Deus. Gwamaka alipiga ukelele, akabingirika chini akijikunja, vumbi likachanganyika na damu usoni. Bushra hakuishusha simu papo hapo. Aliona damu kwenye kioo, akawaza kwamba sasa hawatacheka. Ndipo alipoelewa anachokitazama, na simu ikamponyoka.

Aliyejua la kufanya alikuwa Deus. Alitupa panga, akavua shati, akaufunga mkono wa mwenzake na kuukaza kwa nguvu zote huku akilia. Mwenye bodaboda aliyekuwa anapita akampakia Gwamaka, mama mmoja akapanda nyuma kumshikilia, wakaondoka mbio kwenda hospitali.

Watu wakajaa. Walikuta panga chini na mvulana kifua wazi aliyetapakaa damu. Kijana mmoja akauliza nani amemkata mwenzake, na watoto wa kikundi wakamnyooshea Deus kidole. Hakukuulizwa jingine. Kofi la kwanza lilimwangusha. Mateke yakafuata, kisha fimbo, kisha mtu akaokota gogo. Deus alikuwa anasema tu kwamba aliambiwa, aliambiwa, na kinywa chake kilivyojaa damu hakuna aliyemwelewa. Mtu mmoja akapiga kelele kwamba muuaji ni wa kuchomwa. Mwingine akakimbia barabarani kutafuta tairi kuukuu, na watoto wote walijua tairi ni la nini.

Bushra alisimama kama aliyegandishwa. Akisema, kipigo kitahamia kwake, na baba yake atajua. Akinyamaza, hakuna atakayemuuliza kitu. Pembeni yake vijana walikuwa wameiokota simu yake, wameinamia kioo, wanatazama.

"Rudisha hapo alipolia," mmoja akasema. Mwenzake akasema hii ndiyo muvi, siyo zile za kupigana na hewa, na aliyeitengeneza apewe heshima yake.

Jamani, hayo ndiyo maneno ambayo Bushra alitamani kuyasikia tangu ajue muvi ni nini. Yalimchefua. Akawasukuma watu, akapenya katikati ya miguu yao, akajitupa juu ya Deus.

"Mwacheni. Mimi ndiye niliyemwambia akate. Panga nimeleta mimi."

Fimbo iliyokuwa inashuka ikampata mgongoni. Mwanamke mmoja akamvuta, akamzaba kibao kilichompasua mdomo, akamwita shetani. Bushra hakukimbia. Alirudi pale pale, akamkumbatia Deus kichwa, akayarudia maneno yake mpaka sauti ikakauka.

Yule mtafuta tairi alikuwa amefika kwenye banda la Mzee Saidi. Mzee alimuuliza tairi ni la kazi gani, na alipojibiwa kwamba kuna mtoto wa kuchomwa uwanjani, aliacha kila kitu akakimbia na mafundi wenzake. Alimkuta mtu wa kuchomwa amefunikwa na binti yake mwenyewe. Kaka Yonasi naye alikuwa amefika. Mafundi wakawazunguka watoto, na kaka Yonasi akaueleza umati kwamba kwa watu wa kamera neno kata maana yake ni acha, na kwamba yeye ndiye aliyemfundisha Bushra neno hilo. Watu wakatazamana. Mzee Saidi akamwinua binti yake kidevu.

"Unasema kweli, au unamtetea mwenzako?"

"Kweli, baba. Nimelichukua chini ya kitanda chako. Deus hakujua. Sikumfundisha."

Aliyekuwa na gogo akaliweka chini. Mmoja mmoja wakaanza kuondoka, kila mtu akijifanya alikuwa anapita tu. Polisi walipokuja kuandika maelezo, walikuta watu wachache, panga, na damu ya watoto watatu.

Hospitalini Bushra alimkuta Jenista, mama yake Gwamaka, mlangoni pa chumba cha upasuaji. Alipiga magoti, akamweleza yote bila kupunguza kitu, hata ule muda ambao hakuishusha simu. Mama yule alimwambia Mzee Saidi amwondoe mtoto wake mbele yake, na hakuna aliyeweza kumlaumu. Daktari aliunga mishipa inayovuta vidole, akasema itabidi wasubiri waone kama mkono utashika tena kalamu.

Mzee Saidi aliichukua simu ya Bushra, akagharamia matibabu pamoja na wazazi wengine, na kumwambia Bushra kwamba kila akitoka shule atakwenda kwa kina Gwamaka kuosha vyombo na kufua, hata akifukuzwa. Siku za mwanzo alifukuzwa kweli. Akawa anarudi. Deus naye alikuwa anakuja, uso umevimba, meno ya mbele hayapo, anakaa karibu na Gwamaka. Alichota maji na kuzoa taka, lakini kitu chenye makali hakukigusa. Hata kisu cha jikoni alikikwepa.

Video ile ilikuwa imeshasambaa kwenye simu za watu kabla baba hajaifuta. Kila Bushra alipopita barabarani, vijana walimwita mkali, wakamuuliza sehemu ya pili inatoka lini. Kibandani watu walimdai kaka Yonasi aionyeshe kwenye skrini kubwa. Alipokataa, walimvunjia mabenchi, naye hakuionyesha.

Siku bandeji ilipofunguliwa, Gwamaka alivikunja vidole taratibu, kimoja kimoja, jasho likimtoka. Vilikunjika vyote isipokuwa kidole cha mwisho. Bushra alilia kwa furaha, kisha akalia kwa aibu, akasema mbele ya wote kwamba watu bado wanamsifu kwa ajili ya mkono ule. Mama Gwamaka alikuwa anachambua maharage. Akasogeza kigoda.

"Kaa hapa, mwanangu," akasema. "Waliosema hiyo ndiyo muvi ni wengi. Nitajie mmoja aliyekuja hospitali kumwona Gwamaka."

Bushra akaketi kwenye kigoda. "Hakuna," akasema.

"Mtazamaji haumwi. Leo anataka panga la kweli, kesho atataka kingine, muvi ikiisha anakung'uta nguo anakwenda kula. Wewe ndiye unayebaki na mtu aliyelala chini. Siku nyingine ukishika kamera, usianze na wale wa kwenye mabenchi. Anza na aliye mbele yako. Hakikisha yuko salama, na kama halijui neno lako, mfundishe kabla hujalitamka. Na ukikosea, sema upesi. Ulisema, na mimi nimekusamehe kwa sababu ulisema. Lakini ulinyamaza kidogo kwanza, na kwa huko kunyamaza Deus hana meno."

Bushra akamgeukia Deus, akamwomba msamaha kwa jina lake. Deus akaitikia kwa kichwa. Mama Gwamaka akaleta sufuria ya viazi na kisu, akakiweka kisu mbele ya Deus, akamwambia watu wanasubiri chakula.

Deus alikitazama kisu kile, asikiguse. Gwamaka akachukua kiazi kwa mkono wake wenye kovu, akakishika mbele ya mwenzake kwa vidole vilivyokuwa bado vinatetemeka.

"Menya," akamwambia. "Mimi nakushikia."