Brashi ya Kwanza

Jua lilikuwa linazama nilipotumwa kupigilia msumari mmoja. Msumari mmoja, picha moja, basi nikalale. Kesho yake nyumba yetu ya sanaa ilikuwa inatimiza miaka thelathini, na Mkurugenzi alitaka picha yake kubwa itundikwe kwenye ukuta wa mwisho, juu ya maneno "Mwanzilishi Wetu".

Mwanzilishi, eti. Mtu hana haya.

Nyumba ile aliianzisha shangazi yangu. Ilikuwa karakana ya useremala iliyotelekezwa nyuma ya maktaba ya chuo, imejaa popo na vumbi la mbao. Yeye alikuwa mwalimu wa kuchora. Aliomba ufunguo, akafagia, akawaita watu wa mtaani: washonaji, mafundi baiskeli, akina mama wa sokoni. Mwenye mkono alichora, mwenye macho aliingia bure. Faida hakupata hata ya soda. Mkurugenzi alikuja miaka mingi baadaye na tai yake, akakuta chai imeshachemka, akajimiminia.

Shangazi alituwekea mwiko mmoja. Maonyesho yakiisha kuta hupakwa nyeupe upya, lakini brashi ya kwanza huipitisha mwenye kazi. Anaanza kufuta mwenyewe, sisi tunamalizia.

"Usimfute mtu ambaye hajakuruhusu," alikuwa akisema. "Hatakuacha."

Ukuta wa mwisho ulikuwa wake. Aliwachora watu wote wa mwanzo, na yeye katikati, ameshika ufunguo. Alipolazwa hospitali, Mkurugenzi alimwamuru mlinzi afungue mlango, akaupaka ukuta ule rangi nyeupe kwa mkono wake mwenyewe. Shangazi aliambiwa akiwa kitandani. Hakulia. Aligeukia ukutani, na hakugeuka tena mpaka tulipomzika.

Yule ndiye aliyenilea. Nilimchukia Mkurugenzi kwa moyo wangu wote, na nilibaki kazini kwa sababu moja tu, nilitaka jina la shangazi lirudi ukutani. Niliomba, nikamchekea, nikaomba tena. Jibu likawa picha hii.

Mlinzi alinifungulia. Ni mzee mcheshi, hana makuu.

"Usichelewe, binti yangu," alisema. "Mimi na popo tumegawana zamu."

"Popo wanakushinda kazi, baba," nikamjibu. Akacheka, akarudi langoni.

Nikaweka ngazi. Nikagonga msumari.

Ukaanguka.

Nikagonga mwingine. Ukaanguka nao... na pale ulipotoboa, ukuta ulikuwa umelowa. Nikasikia harufu ya tapentaini. Na ndani yake, mafuta ya karafuu, yale aliyokuwa akijipaka shangazi magotini.

Chwa... chwa... chwa...

Chini ya ngazi, mtu alikuwa anasuuza brashi kwenye kopo.

Aliketi juu ya ndoo iliyofudikizwa, amenipa mgongo, kitambaa cha kichwani kimefungwa upande kama alivyozoea. Niliogopa, sitaki kudanganya. Lakini chini ya woga ule kulikuwa na furaha chafu.

"Shikamoo, shangazi," nikanong'ona.

Alisuuza, akakung'uta maji, kisha akasema neno moja.

"Mwite."

Sikuuliza nani. Nikashuka nikatoa simu.

"Mkurugenzi, rangi inabambuka kwenye ukuta wako. Njoo uone mwenyewe."

Alikuja akifoka. Ndoo haikuwa na mtu tena, brashi tu ilikuwa juu yake, imelowa nyeupe. Katikati ya ukuta rangi ilikuwa imebanduka, na jicho moja la shangazi lilikuwa linatutazama.

"Kazi ndogo hivi inakushinda," alisema. "Lete brashi."

"Mwenye ukuta hajaruhusu. Mwiko unaujua."

"Huo ni mwiko wa marehemu. Lete."

Nikampa. Nilimpa kwa mikono miwili, kwa heshima zote.

Akapaka jicho. Mkono haukusimama. Akapaka tena... na tena... akijaribu kuuvuta kwa mkono wa pili, na mkono wa pili nao ukang'ang'ania brashi. Nilitazama ile picha yake kubwa iliyoegemea ngazi. Macho yalikuwa yameshakuwa meupe. Ikafuata pua, ikafuata mdomo. Alipogeuka kunitazama, uso wake ulikuwepo, lakini ulikuwa haunikai kichwani hata nilipokuwa nautazama.

"Nisaidie," alinong'ona.

"Wewe ni nani?" nikamwuliza.

Na nilikuwa namwuliza kweli.

Kesho yake wageni walijaa. Ukuta wa mwisho ulikuwa na mchoro wote wa shangazi, mbichi, rangi inang'aa kama ya jana. Mkuu wa chuo alihutubia, akamtaja shangazi kuwa ndiye mwanzilishi, kana kwamba hajawahi kumtaja mwingine. Mlangoni alisimama mwanamume mwenye tai, akimshika kila mtu mkono. "Mimi ndiye Mkurugenzi," alisema. "Mimi ndiye mwanzilishi." Mkewe alimwambia, "Samahani, kaka, naomba nipite," akaenda kukaa mbele.

Aliyoyatenda nayakumbuka yote. Jina na uso, hapana. Nilifurahi mpaka nikaona aibu, na nilidhani yameisha.

Jana jioni nilirudi kufunga madirisha. Harufu ya karafuu ilinipokea mlangoni.

Chwa... chwa... chwa...

"Imetosha, shangazi," nikasema. "Jina lako limerudi."

Hakugeuka.

"Mwite mlinzi."

"Yule aliamriwa tu. Ni mtu mwema, shangazi. Alikuzika kwa mikono yake."

"Ufunguo nilimwachia yeye."

Nje nilimsikia mzee akija taratibu, anapiga mluzi. "Binti yangu, bado uko humo? Popo wanakulalamikia."

Machozi yalinitoka. Nilimpenda mzee yule. Nilitaka kumwambia akimbie, na neno lilikuwa mdomoni kabisa. Kisha nikamwona shangazi kitandani hospitali, anageukia ukutani.

"Ingia kidogo, baba," nikamwita. "Kuna mahali rangi inabambuka."

Nikasikia funguo zake zikigongana, akija.