Sitarara

Soko Kuu la Singida siku ya Jumamosi lina spika nyingi kuliko watu. Moja inauza dawa ya kunguni, moja inauza sandali, moja inakuita kwenye wokovu, na zote zinabwata kwa wakati mmoja. Lakini kwenye kona ya mafuta ya alizeti kulikuwa na spika ndogo ya rangi ya chungwa, imefungwa kwa kamba kwenye mwavuli, na hiyo haikubwata. Ilisema taratibu, kama mtu aliyekuegemea bega:

"Mafuta ya alizeti. Ya Ikungi. Hayajachanganywa na kitu. Sogea uonje, hatugombani."

Kijana mmoja mrefu alisimama mbele yake. Akaisikiliza ikaisha, ikaanza upya, akaisikiliza tena. Mara ya tatu akafumba macho.

Anifa, mwenye meza, alikuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa, dera lake la zambarau amelikusanya magotini, mtandio wa njano umemkaa kichwani vizuri mno kwa mtu anayeshinda juani. Alimtazama yule kijana: shati la mistari lililokosa kifungo, miwani iliyoungwa kwa gundi, vidole vyeusi kwa wino.

"Kaka, unanunua mafuta au unasinzia?"

Kijana akafumbua macho. "Ni wewe!"

"Ni mimi nini?"

"Wa kwenye spika."

"Hapana, ni mzimu. Lita moja au tano?"

"Dada, sitaki mafuta. Nataka sauti."

Mama Agripina wa vitunguu, jirani yake, aliangua kicheko mpaka kanga ikamdondoka. "Anifa, leo umepata mteja! Mpimie sauti robo kilo!"

Kijana aliitwa Abdulmajidi. Kwao ni watu wa duka la vitambaa, wenyeji wa mjini tangu zamani, bibi yao mmoja alitoka Pwani, na Kiswahili chao kimenyooka kama uzi kwenye sindano. Alisema anatengeneza filamu ya katuni, ya hadithi ya kale, na amekaa mwaka mzima akitafuta sauti ya binti wa hadithi.

"Katuni?" Anifa akamkagua kuanzia viatu hadi kidevu. "Na ndevu hizo?"

Tusi hilo watu wa kazi hiyo wamelila sana. Mtu anachora mkono mmoja mara mia tatu ili uinuke kama mkono wa kweli, halafu anaambiwa anacheza na vitu vya watoto. Na wanaosema hivyo ndio hao hao waliolia mbele ya katuni, wakasingizia vumbi. Tunawakumbuka.

"Njoo uone kwanza," alisema Abdulmajidi. "Ukicheka, nitanunua mafuta ya meza nzima."

"Na nisipocheka?"

"Utanipa sauti."

*

Chumba chake kilikuwa nyuma ya duka la dada yake, Mwanabaraka, katikati ya majora ya vitenge yaliyopangwa hadi dari. Mlango uliachwa wazi, na Mwanabaraka akaweka kiti pale pale kizingitini, maana heshima ya nyumba ni heshima ya nyumba. Abdulmajidi akawasha kompyuta, akazima sauti.

"Mbona bubu?"

"Filamu nzuri ya katuni inaeleweka hata ikiwa bubu. Tazama."

Nchi ya majabali, kama ya hapa kwetu, mawe yamebebana mgongoni. Binti mmoja, kila akisema neno, neno linadondoka chini likiwa kokoto. Watoto wenzake wanamcheka, wanaokota maneno yake wanayatupa. Kisha linakuja zimwi la upepo, linaimba bembelezo, na nchi nzima inaanguka usingizini. Zimwi linabeba maji ya kisima na ndama zizini. Rafiki wa binti ni kuku wa kishingo, hana nyoya hata moja shingoni, na anajiona ndiye jogoo mzuri kuliko wote waliowahi kuwika.

Anifa alipomwona yule kuku akijitazama kwenye dimbwi, midomo ilimcheza. Akajizuia. Mafuta ya meza nzima ni mengi, lakini alishaanza kutaka kushindwa.

"Hili zimwi," akasema polepole, "lina shida gani?"

"Shida?"

"Linaiba maji halinywi. Linaiba ndama halili. Linataka nini?"

Abdulmajidi akavua miwani. Mwaka mzima hakuna aliyemuuliza hivyo.

"Mimi nadhani," Anifa akaendelea, "halijawahi kulala. Linawaimbia wengine kitu ambacho lenyewe hakuna aliyewahi kuliimbia. Basi linakasirika, linachukua. Ukiliweka hivyo nitaliogopa zaidi, kwa sababu nitalihurumia. Na huyu binti mnyamazishe kidogo. Anasemasema. Bibi yangu akitusimulia alikuwa anafika mahali ananyamaza, mpaka sisi tuliokaa ndio tunaomba aendelee."

"Dada Anifa, umesomea wapi?"

"Kwenye mkeka."

Mwanabaraka, kizingitini, alisahau kuhesabu vifungo vya dukani.

Hivyo ndivyo filamu ile ilivyopata moyo. Wanaodhani hadithi ya katuni inasimama kwa rangi na kompyuta kubwa hawajui. Inasimama pale mtu anapotamani kitu hadi anakisema peke yake, hakuna anayesikia isipokuwa wewe uliyekaa gizani. Basi unakuwa shahidi wake, huwezi kumwacha. Inasimama kwa adui mwenye kidonda. Inasimama kwa kuku mpumbavu anayekulegeza mbavu ili ngumi inayofuata ikuingie vizuri. Mafundi wanaojua hilo wanastahili kuvuliwa kofia.

Walirekodi katikati ya majora, kwa kuwa vitambaa vinameza mwangwi. Palikuwa na joto na harufu ya kitenge kipya. Anifa alisimama na maiki, jasho likimtiririka shingoni. Abdulmajidi alikuwa amechuchumaa sakafuni na spika za masikioni, kila akisikia neno zuri anafumba macho kama siku ile sokoni.

Simu zikafuata.

"Umefika nyumbani salama?"

"Nimefika. Kuku wangu mzima?"

"Anakusalimia. Anasema wewe peke yako ndiye umeona uzuri wake."

"Mwambie shingo yake inafanana na ya fundi wake."

"Anifa!"

"Abee, roho yangu," alijibu, halafu akakata simu haraka kwa aibu ya hilo neno lililomponyoka.

*

Neno kubwa la filamu lilikuwa moja. Nchi yote imelala, kuku amelala, hata mama yake binti amelala, na zimwi linaimba sikioni mwake. Anapanda juu ya jabali na kusema: "Sitalala." Neno hilo halidondoki. Linasimama hewani, na zimwi kwa mara ya kwanza linanyamaza.

Anifa alilisema: "Sitarara."

Kwao Kinyaturu ndicho cha nyumbani, na ulimi wake alishaunyoosha kote, kasoro neno hilo. Alimweleza Abdulmajidi kwa nini. Darasa la tatu, mwalimu alimvisha kibao shingoni kwa sababu alisema "kurara," akazungushwa madarasa yote akilirudia, na watoto wakalifanya kuwa jina lake: Rara. "Maneno mengine nilikubali kuyanyoosha," alisema. "Hilo nilikataa. Ndivyo bibi alivyotuambia jioni. Rareni wajukuu zangu. Nikilinyoosha, nani atanilaza?"

Abdulmajidi alimshika ncha ya mtandio, akarudi kwenye kompyuta yake. Angeitaja hofu yake siku ile, yasingetokea yaliyotokea.

Siku ya kuonyesha ilikuwa Jumamosi alasiri, ukumbi mmoja wa mtaa wa Mandewa, madirisha yamezibwa kwa vitenge vya Mwanabaraka. Watoto walijaa sakafuni, wazazi nyuma. Anifa alivaa gauni la kijani lenye marinda, hina mikononi, na akamleta mama yake kutoka Ikungi.

"Shikamoo mama," Abdulmajidi alimwinamia.

"Marahaba mwanangu. Nimekuja kumsikia binti yangu."

Filamu ilianza. Watoto walicheka kwa kuku, wakajificha kwa zimwi. Kisha binti akapanda jabali, akavuta pumzi, akafungua mdomo.

"Sitalala."

Limenyooka. Safi. Sauti ni ya Anifa, ila yeye hakuwahi kulisema.

Pale ambapo ukumbi mzima ulipaswa kuganda, mtoto mmoja aliomba maji. Mwingine akajikuna. Filamu ikapita juu ya jabali lake kama gari linavyopita juu ya kopo.

Mama yake akamwinamia. "Anifa, huyo ni nani?"

Anifa alishatoka nje. Abdulmajidi akamkuta kwenye ngazi.

"Umenifanya nini?"

"Nilikata 'la' kwenye lile neno lako jingine, 'la, sitaki'. Nikaibandika mara mbili. Nilitaka kukukinga, Anifa. Ukumbi umejaa watoto. Wangekucheka tena."

"Kunikinga?" Alicheka bila furaha. "Mwalimu alinivisha kibao, lakini neno langu aliniachia. Wewe umeingia mdomoni mwangu ukaling'oa. Sema kweli: unaona aibu. Mbele ya bibi yako na dada yako na Kiswahili chenu cha kupigwa pasi."

"Wallahi si hivyo."

"Basi mbona hukuniuliza?"

Swali hilo, wengi waliosahihisha vinywa vya watu nchi hii, kwa fimbo au kwa mapenzi, mpaka leo hawajalijibu.

*

Alipiga simu, haikupokelewa. Alituma ujumbe, ukasomwa, ukakaa. Siku ya tano akajikaza, akaenda sokoni, na kabla hajafika kwenye mwavuli akaisikia spika ya rangi ya chungwa:

"Mafuta ya alizeti. Ya Ikungi. Hayajachanganywa na kitu. Mwenye mashine ya kukata maneno ya watu, apite mbali."

Wauza vitunguu walikuwa wakimsubiri kama sinema.

"Huyo kaja," alisema Mama Agripina. "Mkasi wake kauficha wapi?"

Abdulmajidi alisimama mbele ya meza, akaacha spika irudie mara tatu, kila mara ikimpiga. Anifa alijifanya kufuta chupa.

"Nimelirudisha," akasema. "Neno lako. Na kosa langu si moja tu. Nilipobandika ile 'la' nilikata na pumzi iliyotangulia. Ndiyo maana hakuna aliyeganda. Ukumbi ulijua kabla yangu kwamba pale hapakuwa na mtu. Jumapili tunaonyesha tena. Ukisema filamu isionyeshwe, naifuta."

"Miaka miwili ya kazi?"

"Miaka miwili."

Anifa aliacha kufuta chupa. "Watacheka."

"Wakicheka, tutakuwa wawili wa kuchekwa. Nitasimama mbele niseme neno hilo kwa kinywa changu."

"Huliwezi. Ulimi wako mgumu."

"Nifundishe."

"Nenda huko," alisema Anifa, lakini mkono wake ulishaizima ile spika.

Jumapili alienda, akasimama nyuma mlangoni tayari kukimbia. Mama yake alikaa kiti cha mbele. Nchi ikalala. Kuku akalala huku akijisifu. Zimwi likaimba, na safari hii ukajua kwamba linaimba kwa sababu halijui kulala. Binti akapanda jabali. Ikasikika pumzi, ndefu, yenye jasho la vitambaa ndani yake. Kisha:

"Sitarara."

Mtoto mmoja alicheka, "hi!", kicheko kifupi. Anifa akashika kitasa cha mlango.

Kicheko hakikupata mwenzake. Zimwi kwenye pazia lilikuwa limenyamaza, na ukumbi ukanyamaza nalo. Binti akalisogelea lile zimwi, akakiweka kichwa cha zimwi, kikubwa cha upepo, mapajani mwake, akalinong'oneza: "Wewe ndiye urare." Mama yake Anifa akaufunika uso kwa upande wa kanga. Baba mmoja mwenye kofia ya kutariziwa akavua miwani akalaumu vumbi.

Na watoto walipotoka, Mandewa nzima ililisikia. "Sitarara!" walipiga kelele wakirukia mitaro. "Sitarara!" Jioni hiyo akina mama waliowaita ndani kuoga walijibiwa hivyo hivyo, na yule aliyecheka ndiye aliyelipaza zaidi. Jina alilovishwa mtoto wa darasa la tatu liligeuka kuwa kelele ya ushindi ya mtaa mzima.

*

Jumatatu asubuhi Anifa alikuwa amekalia ndoo yake, spika mapajani, kidole kwenye kitufe cha kurekodi, ndio kwanza amefika "hayajachanganywa na kitu". Tangazo la mkasi lilishapitwa na wakati. Abdulmajidi akaja, kanzu nyeupe, ndevu zimechongwa, jasho tele.

"Anifa. Mimi... yaani... nilitaka kusema kwamba..." Akameza mate. Akavuta pumzi iliyosikika hadi kwenye vitunguu. "Nije Ikungi na wazee? Nikubarie. Nikubalie. Aa, vyote viwili."

Anifa akaachia kitufe. "Umemaliza?"

"Nimemaliza. Naweza kusema vizuri zaidi, nianze upya..."

"Usiguse kitu," alisema Anifa, akaifunga spika kwenye mwavuli na kuongeza sauti hadi mwisho.

Soko Kuu la Singida likasikia: "Mafuta ya alizeti. Ya Ikungi. Hayajachanganywa na kitu. Anifa. Mimi... yaani... nilitaka kusema kwamba..." Ikaja ile pumzi, nzima, haijakatwa. "Nije Ikungi na wazee? Nikubarie. Nikubalie. Aa, vyote viwili."

"Zima, mpenzi wangu, nakuomba!" Abdulmajidi alijifunika uso.

"Nitazima," alisema Anifa, akimpimia mteja wa kwanza wa siku, "wazee wakishafika."