Megabaiti za Chepchirchir

Walikutana kwenye foleni ya maabara ya kompyuta, chuoni Nakuru, mwaka 2007, watu wamebanana na kila mmoja flash yake shingoni. Chepchirchir alikuwa na sweta la manjano alilofumiwa na mamake. Mbele yake kijana mtanashati, Peterson wa hosteli ya wavulana, akageuka.

"Sasa, Manjano?"

"Poa. Songa, foleni inatembea."

"Nikisonga nitakukosa."

Chepchirchir akacheka, na kazi ikaanzia hapo. Wiki hiyohiyo Peterson alimwekea programu ya kugawana nyimbo kwenye kompyuta yake ya chumbani. "Lakini chunga, sweetie," akamwambia. "Chuo kinampimia kila mtu megabaiti mia tatu kwa wiki. Zikiisha, umefungiwa hadi Jumatatu."

Wiki tatu za mapenzi matamu zikapita. Alhamisi moja, saa tisa na nusu, Chepchirchir akafungua mtandao atume maombi ya attachment, yale mafunzo ya kazini, kwenye shamba la maua Naivasha. Mwisho ulikuwa saa kumi na moja jioni hiyo. Skrini ikamwambia mgao wake umeisha! Na mjini stima zilikuwa zimepotea tangu asubuhi, cyber zote zimefungwa. Chuo ndicho kilikuwa na jenereta. Sasa nani mwingine alijua password yake ila Peterson, aliyemwekea ile programu? Akapiga simu.

"Peterson! Umenimalizia megabaiti!"

"Mimi? Babe, ngoja kwanza..."

"Usiniite babe. Mwizi ni mwizi."

Akakata. Kisha akalia, kwa sababu alimpenda, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Akamwita Gachanja, fundi wa mtandao. Mzee wa watu akaitazama kompyuta, akaguna. "Hii programu hujawahi kuifunga?"

"Nifunge vipi na nimechukua nyimbo za watu? Si huo ni uchoyo?" Kwao kijijini Ndabibi, ukishakula kwa jirani, hujifungii na sufuria yako.

"Basi nyimbo zako zilivyoongezeka, dunia nzima imekuwa ikizichota kwako, usiku na mchana. Megabaiti zinazotoka pia zinahesabiwa."

Woi! Chepchirchir alitamani ardhi immeze.

Peterson akatokea mlangoni akihema. "Najua maombi yako mwisho ni leo. Mimi nimebakisha megabaiti sita. Barua yako na vyeti ni ngapi?"

"Tano. Na maombi yako je?"

"Yangu ni ya shamba jingine, mwisho ni kesho. Nitayapeleka Naivasha kwa mkono."

Gachanja akaifunga ile programu, Peterson akaingiza password yake mwenyewe. Saa kumi na dakika arobaini, barua ikaenda.

"Nisamehe," Chepchirchir akasema. "Nimekuita mwizi."

"Na hukuningoja hata niseme. Imeniuma, Chep." Hakuwa akitabasamu.

"Najua. Kesho naenda na wewe Naivasha."

"Kufanya nini?"

"Kukusindikiza. Na wakiuliza mimi ni nani wako..." Akamshika mkono. "Nitawaambia mimi ni mchumba wako. Kama hutaki, sema sasa hivi."

Peterson akamgeukia fundi, macho yamemtoka. "Umesikia, boss?"

"Nimesikia," Gachanja akasema. "Mjibu msichana."

"Nataka," Peterson akasema. "Nataka sana."