Wimbo Alioimbiwa Hamdan

"Futa, Hamdan! Futa miye naona!"

Hamdan akafuta mbele ya mkewe Rahila. Wiki mbili nyuma, Rahila akichambua karafuu uani, Hamdan alimrekodi kwa siri akiimba wimbo alioutunga mwenyewe: mumewe anavyokoroma, anavyolia akinuniwa. Sauti ile ikamvimbisha kichwa bwana, akaitupia mtandaoni watu wamwonee wivu. Ujinga mtupu, na aliufanya kwa raha zake.

"Haya, nshafuta. Yamekwisha, nke wangu."

"Yamekwisha? Kaka Mbarouk kaisikia kwa kinyozi! Watu wanacheka, wanauliza huyo Hamdan anayelia akinuniwa ni yupi!"

Hamdan akaandika maneno mawili ya wimbo kwenye simu. Ukatokea kwa mtu mwengine. Ukatokea tena, umetiwa ngoma. Kwengine umetiwa kwenye mkusanyo wa nyimbo, pamoja na maelfu ya sauti za watu wa kila nchi, walio hai na waliokufa. Elfu arubaini walishausikiliza.

Rahila akavaa baibui, akenda kwao Mgogoni.

Siku tisa Hamdan aliwaandikia waliouweka, mmoja mmoja. Wengi walifuta. Mmoja akamjibu: "Sauti kama hii ni ya watu wote, kaka. Sifuti."

Akamwandikia mkewe: "Nsamehe. Nlikuwa najivunia weye."

Simu ikaita.

"Hamdan, ungenambia nkaimbe harusini, ningeimba. Ule haukuwa wa watu."

"Nlikosa, Rahila. Wallahi nlikosa."

"Weye wadhani nlikuwa najiimbia? Nlijua umesimama nyuma ya mlango. Kila siku nlijua. Nlikuwa nakuimbia weye."

Hamdan akalia simuni, mwanamme mzima.

Ijumaa Mbarouk akamrudisha dada yake. Wakaombana radhi, wakala sinia moja, na Rahila hakulitaja tena jambo lile. Alipika, alicheka, alimtania mumewe kama zamani. Karafuu zikaja nyengine, akazichambua kimya mpaka kikonyo cha mwisho.

"Rahila, huimbi siku hizi?"

"Hauji, Hamdan. Si kwamba nakukomoa. Nkifungua mdomo naona watu."

Mwezi mzima ukapita vile vile. Hamdan akakaa peke yake shambani, akatia visikilizio masikioni, akautafuta wimbo wake. Ulibaki kwa yule mmoja tu aliyekataa kufuta. Akausikiliza wote, machozi yanamtoka, akajikuta anamshukuru mtu yule, na shukrani ile ikamuuma kuliko tusi.